Ramani ya Simu na Wajibu wa Dereva Mpakani: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi Kati ya Busia, Tiira na Tororo

Simu inayoongoza njia kwa setilaiti haimpunguzii dereva wajibu wake. Kazi yake ni kuonyesha gari lilipo na barabara zilizochorwa. Uamuzi wa kupita au kutopita ni wa mwenye usukani, na ndiye atakayehojiwa na askari wa barabarani, afisa wa forodha au mwajiri.

Simu haihitaji intaneti ili itambue mahali ilipo. Kipokezi chake hupiga hesabu kwa mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne. Zile za mfumo wa GPS huizunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Penye anga wazi, kosa lake kwa kawaida ni la mita chache tu. Kinachohitaji intaneti ni ramani yenyewe, na hiyo yaweza kupakuliwa mapema. Faida ya kuipakua huonekana zaidi kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako simu hudaka mnara wa nchi jirani bila kuulizwa, na data ikakatika au ikatozwa kwa bei ya ugenini. Hata hivyo, ramani iliyopakuliwa haina habari za saa hiyo: haitaonyesha foleni ya malori katika kituo cha mpakani cha Malaba wala daraja lililofungwa asubuhi.

Maandalizi hufanywa kabla ya kuondoka. Ramani za pande zote mbili za mpaka zipakuliwe na zihuishwe mara kwa mara, kisha data izimwe na njia ijaribiwe gari likiwa limesimama. Simu iliyozimwa kwa muda mrefu yaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti; ipewe nafasi hiyo. Chaja ya gari na kishikio imara ni vifaa vya kazi. Kishikio kisizibe mwono wa barabara, wala simu isiachwe kwenye jua kali hadi ipate joto na kuzima.

Uangalifu wa pekee unahitajika katika kuchagua mwisho wa safari. Kuna Busia ya Uganda na Busia ya Kenya. Malaba nayo iko pande zote mbili. Jina likiandikwa bila nchi, programu yaweza kumvusha dereva mpaka ambao hakukusudia kuuvuka. Jina lilinganishwe na hati za shehena kabla ya kuanza safari.

Gari likishatembea, simu haishikwi. Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo. Uganda nayo hairuhusu simu ya mkononi kwenye usukani. Maelekezo yasikilizwe kwa sauti. Njia ikihitaji kubadilishwa, utingo aishughulikie, au gari liegeshwe mahali salama.

Ramani nyingi za simu zimeandaliwa kwa magari madogo. Hazijui uzito wa lori, ilhali Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na shehena yake. Njia ya mkato yenye udongo laini au kidaraja chembamba si njia ya lori, hata ikiwa fupi. Tiira, mji wa wachimbaji wa dhahabu, unadai tahadhari zaidi: vijia vya kuelekea machimboni hubadilika kadiri mashimo yanavyochimbwa na kuachwa, na picha ya zamani haiwezi kuyaonyesha yote. Hapo neno la mwenyeji lina uzito kuliko mstari wa kwenye kioo.

Jambo zito kuliko yote ni njia za panya. Programu huweza kuchora kijia kinachokatiza mpaka kwa kuwa watu hukipita kila siku. Haibainishi kama kijia hicho ni halali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka bidhaa zipite katika vituo vilivyotambuliwa, na chombo kilichobeba magendo chaweza kutaifishwa. Kusema kwamba simu ndiyo iliyoelekeza si utetezi. Busia na Malaba zina vituo vya pamoja vya mpakani, ambako taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja.

Mwajiri naye ana sehemu yake. Atoe kishikio na chaja, asimpigie dereva simu akijua yuko barabarani, wala asipange muda unaomlazimu kukimbia. Akifuatilia mwendo wa gari kwa setilaiti, dereva ana haki ya kujulishwa taarifa zipi zinakusanywa na kwa sababu gani. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019.

Dereva anayetaka kukabidhiwa shehena kubwa zaidi apakue ramani mapema, aweke simu mahali pake, na avuke mpaka kituoni, hata pale simu inapoonyesha njia fupi zaidi.