Mkojo Mweusi Baada ya Mazoezi: Usimeze Dawa Ukalala

Mkojo mweusi unampata nani?

Vijana wenye afya njema. Kijana ameanza gym leo, leo hiihii anataka kunyanyua vyuma sawa na waliomtangulia. Mwingine anajiandaa kwenda JKT, anakimbia kwenye jua la mchana. Mwanafunzi kachelewa, anarushwa kichurachura mpaka miguu inamkataa. Misuli isiyozoea ikilazimishwa hivyo huharibika, na uchafu wake huufanya mkojo uwe mweusi na huumiza figo.

Tazama mkojo

Siku tatu baada ya mazoezi mazito, tazama mkojo wako kila mara. Choo cha shimo hakionyeshi. Kojoa kwenye kopo jeupe, litoe mwangani. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

USIMEZE DIKLOFENAKI UKALALA

Hili ndilo linalotuletea hospitalini vijana waliovimba uso, mkojo umekatika. Mwili unauma, duka la dawa liko jirani, anameza diklofenaki au brufeni, analala. Kesho anameza tena. Dawa hizo zinazidi kuziumiza figo. Usimeze diklofenaki ukalala! Ukiona mkojo mweusi, usijitibu kichocho wala UTI kwa kubahatisha. Usisubiri kwa kunywa madafu: anayekojoa mweusi anahitaji kupimwa damu na kuwekewa dripu mapema. Akichelewa, anaweza kuishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Mzazi, ukimkuta mwanao na vidonge hivyo baada ya mazoezi, muulize mkojo wake una rangi gani. Asimeze diklofenaki akalala.

Mkojo ni safi lakini mikono haikunjuki, au mapaja yamevimba na kukaza?

Nenda hospitali vilevile.

Ukifika hospitali

Sema mwenyewe: "Daktari, juzi nilifanya mazoezi makali." Usiposema, unaweza kupimwa malaria tu ukarudishwa nyumbani.

Walimu na makocha

Acheni kichurachura na pushapu za adhabu.

Wa kuangaliwa zaidi

Mwenye homa, anayeharisha au aliyekesha na pombe asifanye mazoezi makali. Aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu, hata kama haumwi, aanze taratibu, apumzike kila mara, na asishindane juani.

Kurudi mazoezini

Aliyeugua asirudi mpaka daktari amruhusu. Anayeanza afanye kidogo wiki ya kwanza, hata kama anajiona ana nguvu za kuendelea, kisha aongeze wiki kwa wiki.