MZUNGUKO WA KENGELENI: SOMO LA -NI KWA MIGUU



Wahenga hawakukosea waliponena tembea uone. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa hutembea kila siku, asubuhi na jioni, lakini wengi wetu hatuoni kitu. Twapita Kengeleni mbio mbio tukiihofia kengele ya shule, wala hatujiulizi kwa nini mahali hapo pakaitwa Kengeleni. Katika makala haya ningependa tuzunguke pamoja viunga vya Mombasa vilivyo ng'ambo ya Daraja la Nyali, tuanzie Kengeleni na turudi papo hapo. Kwa mwendo wa polepole, saa mbili zatosha. Chukua daftari, kalamu na maji ya kunywa. Somo letu ni -ni ya mahali, ile inayotutoa jasho kwenye mtihani.

Kwanza tuelewane kuhusu msamiati. Kiunga ni sehemu ya pembeni mwa mji. Zamani neno hilo lilitumika pia kwa shamba la miti ya matunda lililo karibu na mji. Kitongoji ni kijiji kidogo. Barabara ni pana, yapita magari. Njia ni nyembamba kuliko barabara. Kichochoro ni kijia kati ya nyumba na nyumba, ambamo mkikutana wawili sharti mmoja ajibanze ukutani. Katika safari hii tutavipita vyote.

Kituo cha kwanza: Kengeleni

Hapa kando ya barabara ya Malindi pana ukumbusho wa kengele. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Aliyekuwa ametumwa na Uingereza kujadiliana naye ni Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye, 1875, wamisionari walianzisha hapa makao ya watumwa walioachiliwa huru, yakaitwa Frere Town. Utumwa wenyewe ulikuwa bado haujapigwa marufuku pwani yetu. Ulipigwa marufuku mwaka 1907. Kwa hiyo mtu aliyekuwa huru leo aliweza kukamatwa tena kesho. Kengele ilikuwa ya kuwaonya watu kwamba hatari inakuja.

Sasa tazama sarufi. Kengele ni kitu: kengele hii imelia. Ukiongeza -ni, kitu kinageuka mahali, na upatanisho wote unabadilika: Kengeleni hapa pamejaa watu. Ndiyo sababu twasema nyumba yetu lakini nyumbani kwetu. Anayesema "nyumbani yetu" ameongeza -ni kisha akasahau kwamba ameshahama kutoka kitu hadi mahali.

Kituo cha pili: Kanisani

Karibu na kengele lipo kanisa la Emmanuel, la watu wa Frere Town. Watu hao walitoka makabila mbalimbali ya bara, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwaka 1885 wawili waliolelewa katika jamii ya watumwa walioachiliwa, William Jones na Ishmael Semler, walitawazwa kuwa mashemasi. Fikiria, mtu aliyenunuliwa na kuuzwa utotoni asimame mbele ya watu awafundishe!

Hapa tujifunze viambishi vitatu. PA ni mahali dhahiri, unapopaonyesha kwa kidole: Kanisani pale pana kivuli. KU ni mahali pasipo dhahiri, au pa mbali: Kanisani kule kuna watu. MU ni ndani: Kanisani humu mna viti. Mwalimu akikuuliza tofauti, simama kwanza mlangoni (pa), kisha rudi barabarani uonyeshe kwa mkono (ku), halafu ingia ndani (mu). Hutasahau tena.

Kituo cha tatu: Nyali

Tukiiacha barabara kuu twaingia Nyali. Hapa palikuwa na shamba la mkonge kabla ya kuwa mtaa wa nyumba za kifahari. Mwaka 1931 lilijengwa daraja lililoelea juu ya maji, na daraja la sasa la saruji likafunguliwa mwaka 1980. Ni kuta ndefu, maua ya bugenvilia na walinzi malangoni.

Kanuni: jina la mahali lisilo na -ni haliongezwi -ni. Ninakwenda Nyali, si "Nyalini". Ninatoka Kongowea, si "Kongoweani". Jina lenyewe ni mahali tayari. Hata hivyo upatanisho ni ule ule: Nyali kuna miti mingi.

Kituo cha nne: Mkomani

Ondoa -ni ubaki na mkoma. Huu ni mti wa jamii ya mnazi, ambao wengine huuita mkoche. Mahali penye mikoma ndipo Mkomani. Si kila jina linakatika hivi, lakini. Ukikata Kisauni wabaki na "kisau", nawe huwezi kupanda kisau wala kukila.

Upande huu ndiko alikozikwa Rosina, mkewe Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Krapf mwenyewe aliendelea na kazi. Mwaka 1850 kilitoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Basi kabla ya kulalamika kwamba sarufi ni ngumu, pita pale kaburini kwanza.

Kituo cha tano: Sokoni

Twarudi kupitia vichochoro vya Kongowea. Kongowea ni jina kongwe sana. Mji wa Mombasa wenyewe uliwahi kuitwa hivyo. Soko lake ni miongoni mwa masoko makubwa nchini. Hapa -ni zimejaa kama machungwa, lakini jihadhari, si zote ni za mahali. "Njooni! Karibuni!" Hiyo ni -ni ya wingi, wanaitwa watu wengi. "Nini hii?" Hilo ni neno zima, halikatwi. "Pisha mkokoteni!" Mkokoteni ni kitu, tena ruka upesi: mkokoteni umepita, mikokoteni imepita. Ukisema "mkokoteni pamepita" watakucheka hadi wachukuzi.

Kutoka hapa hadi Kengeleni si mbali, na mzunguko wetu umekamilika.

Jambo linaloniuma

Katika mzunguko huu kuna kichochoro ambacho watu walikuwa wakikipita tangu zamani. Sasa mwenye kiwanja amekijenga ukuta na kutia geti, nasi twazunguka mbali. Mzee mmoja muuza kahawa aliniambia kichochoro hicho kilikuwa na jina, na akanitajia. Hakikuwahi kuwa na kibao. Jina lake lilikaa midomoni mwa waliokipita, na sasa hawakipiti. Watoto wadogo nyumbani kwetu hawalijui kabisa.

Kengeleni ina bahati kwa sababu kila makanga hulitaja jina lake mara mia kwa siku. Lakini hata hapo, waulize abiria kengele ilikuwa ya nini. Jina bila maana ni kama kengele isiyo na ulimi. Mwacha asili ni mtumwa, na hapa Frere Town methali hiyo ina uzito wake. Naomba chama chetu kichore ramani ya viunga hivi, kichochoro kwa kichochoro, na kila mwanachama aulize majina kwa wazee wa kwao.

ZOEZI

Sahihisha sentensi hizi:
1. Nyumbani yetu ni mbali na shule.
2. Sokoni imejaa watu.
3. Kesho nitakwenda Nyalini.
4. Mkokoteni pamepinduka barabarani.
5. Kanisani hii ina viti vingi.
6. Taja kichochoro kimoja unachopita ukija shuleni, na maana ya jina lake. (Swali hili halina jibu kitabuni. Uliza nyumbani.)

Mwanachama, Kidato cha Tatu