Kata Kwenye Mkwaju, Usihesabu Herufi

Nikiwa Tabora kwenye mazoezi ya kufundisha, niliombwa niingize alama za wanafunzi kwenye kompyuta. Namba zao zilikuwa za mtindo ule wa Baraza la Mitihani tunaoujua wote: kituo, mtahiniwa, mwaka. Tuseme S9999/0045/2021 (hii nimeibuni). Mimi kwa ujuaji wangu nikahesabu herufi kwa vidole, nikaandika:

int(namba[6:10].replace("/", ""))

Ikatoka 45. Nikaenda zangu kula.

Kesho yake binti mmoja akanifuata. "Mwalimu, hizi alama si zangu." Kumbe namba yake ilichapwa na nafasi baada ya S. Kila herufi ikasogea hatua moja, nikakata "/004", mkwaju nikaufuta mwenyewe eti nasafisha, ikabaki 4. Akapewa alama za mwenzake wa nne, na Python haikulalamika hata kidogo.

Dawa ni kukata pale alama inapotenganisha:

sehemu = namba.replace(" ", "").split("/")

Unapata orodha: ['S9999', '0045', '2021']. Mtahiniwa ni sehemu[1]. Muache kama maandishi, maana ukiweka int zile sifuri za mbele zinaliwa.

Kwa nini 1 na si 2? Darasani nilieleza kwa njia ya misafara, watoto wa Tabora wanaijua. Tembe la Livingstone liko pale Kwihara.

njia = "Bagamoyo,Mpwapwa,Tabora,Ujiji"
vituo = njia.split(",")

Bagamoyo ni vituo[0]: uko pwani, hujapiga hatua. Tabora ni vituo[2]. Ujiji ni vituo[-1], yaani wa mwisho, hata ukiongeza vituo vingine katikati. Na njia.split(",", 1) inakata mara moja tu: Bagamoyo peke yake, safari yote iliyobaki kipande cha pili.

Jambo moja wengi tunalisahau. Mtu akichapa kistari badala ya mkwaju, split inakurudishia kipande kimoja, na sehemu[1] inagoma. Bora igome kuliko ikudanganye. Ila pima mapema:

if len(sehemu) != 3:
    print("Angalia:", namba)

Nilirudia orodha nzima hivyo. Namba zenye nafasi zilikuwa tatu. Wale wawili wengine walikuwa wamenyamaza tu.