Kufundisha Namna Chembe za Damu Zinavyonata

Mwanafunzi wa darasa la sita katika Ngara au Biharamulo amekwisha kuchomwa na mwiba shambani, naye ajua kuwa kidole huvimba, huwa chekundu na kupata joto. Somo na lianzie hapo. Mwulize: chembe nyeupe za damu, zichukuliwazo mbio kama gogo katika mto Ruvubu, zawezaje kusimama penye jeraha hasa?

Husimama kwa protini za kunata. Ukuta wa mshipa ulio karibu na jeraha hutokeza selektini, ambazo huishika chembe nyeupe kwa ulegevu hata ikabingirika polepole. Kisha intigrini za chembe hiyo hushikamana kwa nguvu na protini nyingine ya ukuta, ICAM-1, ndipo chembe hupenya na kuingia nyamani. Leta darasani mbegu za kishona-nguo, sweta kuukuu na jani la mgomba: mbegu hushika sweta, lakini huteleza juu ya jani. Mfano huu una upungufu, nao usiufiche: sweta hunata daima, mshipa hunata unapoamshwa.

Sehemu nzito ni malaria. Kijidudu cha Plasmodium falciparum, kikiwa ndani ya chembe nyekundu, huitokeza nje protini yake, PfEMP1. Baadhi ya aina za protini hiyo hunasa ICAM-1 ile ile. Chembe huganda katika mishipa midogo, isipite katika bandama ambako ingeharibiwa. Nao uvimbe huzidisha ICAM-1, kunata kukaongezeka. Zikiganda nyingi ubongoni, mtoto aweza kupata degedege na kuzimia. Tone la damu ya kidole laweza kuonyesha vijidudu vichache huku vingi vimejibanza. Wako wazazi wanaodhani degedege ni pepo. Mwanafunzi aliyeelewa somo hili ataweza kueleza nyumbani kwa nini mgonjwa apelekwe zahanati mara moja.

Mwaka 1997 watafiti walieleza badiliko la ICAM-1 lililopewa jina la Kilifi, Kenya, ambako lilihusishwa na malaria ya ubongo. Uchunguzi uliofuata Gambia na Gabon haukuonyesha hivyo. Hilo ni la mwalimu, si la darasa.

Kwa zoezi, uliza: mtoto ambaye chembe zake nyeupe zina upungufu wa intigrini, je, kidonda chake kitatunga usaha? Watoto hao wapo, ingawa ni wachache sana. Vidonda vyao huchelewa kupona, wala kwa kawaida havitungi usaha.