Hatamu Ikidondoka, Utaelekea Wapi?

Somo: Zaburi 32:8-9



Vijana wenzangu, leo twende Marekani kidogo, kwenye mashindano ya rodeo. Kuna mchezo unaitwa mbio za mapipa. Mapipa matatu yanapangwa pembetatu uwanjani. Mpanda farasi, mara nyingi mwanamke, anayazunguka yote halafu anarudi kasi hadi mstari alikoanzia. Ukiangusha pipa, unaongezewa sekunde 5. Na kwa vile mbio nzima huisha kwa sekunde kama 13 hadi 17, hizo 5 zinakumaliza kabisa.

Mwaka 1985, kwenye fainali za taifa kule Las Vegas, Charmayne James alikuwa juu ya farasi wake, Scamper. Mbio zimeanza tu, hatamu ikamvuka farasi kichwani. Hebu fikiria: farasi yuko kasi, na huna cha kumwongozea! Lakini Scamper aliendelea, akazunguka mapipa yote, wakashinda raundi ile. Wawili hao walichukua ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993.

Je, ilikuwa bahati? Hapana. Farasi wa mchezo huu hafundishwi kwa kukimbizwa. Anaanza kwa kutembea tu kuzunguka mapipa, siku baada ya siku. Akielewa, anaongezewa mwendo kidogo. Akikosea, anarudishwa kwenye kutembea. Anajifunza kupunguza kasi kabla ya pipa na kuacha nafasi ya kugeukia. Mwalimu mwenye haraka huishia na farasi mwenye hofu, anayegoma hata kuingia uwanjani.

Mzaburi anatuonya tusiwe kama farasi au nyumbu, wanaohitaji lijamu na hatamu ndipo watii. Mungu anataka kutufundisha njia na kutuongoza kwa kututazama tu.

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu tunaishi kwa hatamu: mama anakuamsha uende Misa, shuleni kengele inakupeleka kusali. Hatamu si mbaya. Hata Scamper alifundishwa nayo. Shida ni siku inapodondoka. Umeingia chuo, umepanga chumba, hakuna anayekuuliza. Mimi mwenyewe, likizo yangu ya kwanza kutoka seminari, siku nne zilipita bila sala ya asubuhi. Kumbe aliyekuwa anasali ni kengele, siyo mimi!

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda yaliyo adili, tena na tena. Katekisimu (namba 1810) inakubali kwamba fadhila hupatikana kwa malezi na kwa kudumu katika juhudi, ila inaongeza jambo ambalo farasi hana: neema ya Mungu inazitakasa na kuziinua. Farasi anazoea tu. Wewe unazoea, unachagua na unapenda.

Na ukiangusha pipa? Hufukuzwi uwanjani. Kitubio kipo. Nenda, kisha anza tena kwa kutembea.

Zoezi la wiki: usijipangie Rozari nne kwa siku. Chukua dakika 5 za sala kila asubuhi kabla hujagusa simu. Basi.

Jiulize: Nikiwa peke yangu, bila mzazi, padre wala kengele, moyo wangu unaelekea wapi?

Tusali: Ee Bwana, nifundishe njia yako polepole, hadi niipende hata pasipo anayenivuta. Amina.