Mtambo Ukizimika, Biashara Isisimame
Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Duka lenye hesabu zote kwenye kompyuta moja hukwama wakati kama huo, hivyo wafanyabiashara wanashauriwa kujiandaa mapema.

Kompyuta ikigoma, kagua kwanza soketi na nyaya, kisha iwashe upya. Intaneti pekee ikipotea, tumia bando la simu. Ujumbe wa hitilafu ukitokea, upige picha kabla ya kumwita fundi.

Kila jioni, nakili hesabu kwenye flashi, ichomoe na uihifadhi kwingine. Ikibaki kwenye mashine, mwizi huondoka na vyote viwili. Weka karibu kitabu cha risiti. Mtambo ukirejea, ingiza mauzo hayo siku hiyo hiyo.