Jiwe la Moto na Jiwe la Maji

Mtu avukaye Daraja la Mungu, katika mto Kiwira, si mbali na Tukuyu, hukanyaga jiwe lililokuwa zamani uji wa moto. Lilitoka ndani ya nchi, likafuata bonde kama uji uliofurika chunguni, likapoa. Na sasa mto hupita chini yake. Ni gumu, tena jeusi. Likivunjwa halionyeshi tabaka, bali vitundu vidogo vilivyoachwa na mvuke.

Mlima Kiejo ulimwaga jiwe la namna hiyo yapata mwaka 1800, na wazee wa Kinyakyusa waliwasimulia watoto wao habari zake. Moto huo huzika shamba lolote lililo njiani. Lakini majivu ya milima hiyo hiyo ndiyo yaliyogeuka udongo ulishao migomba ya Rungwe.

Ashukaye kuelekea Ziwa Nyasa, upande wa machimbo ya makaa ya mawe ya Kiwira, hukuta jiwe la namna ya pili. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, mlima Rungwe haujatokea bado, maji yalileta mchanga na matope, yakaviweka tabaka juu ya tabaka, hata uzito wa tabaka za juu ukashindilia zile za chini zikawa jiwe. Miti na majani yaliyozama humo yakawa makaa.

Makaa nayo ni meusi, kwa hiyo rangi si shahidi mwema. Afadhali yatiwe yote mawili jikoni: jiwe lililozaliwa na moto haliwaki, lililozaliwa majini ndilo liwakalo.